Maji ya Betri

Betri aliyoinunua mwanangu haina harufu. Imefungwa kila upande, imening'inizwa ukutani ndani ya stoo, na kazi yake ni kuwasha nyumba nzima siku umeme ukikatika kwa muda mrefu. Aliponionyesha nilimuuliza maji yake yanatiwa wapi. Akacheka, akaniambia, mama, za siku hizi hazinywi maji. Nikacheka naye, maana mtoto akishakuona mshamba huna la kujitetea. Lakini alipotoka nilibaki pale stoo peke yangu, ninanusa ukuta, mimi mtu mzima na wajukuu wangu.

Sisi tuliokulia Musoma miaka ile ya foleni, wewe na mimi, tunajua betri ni kitu chenye harufu. Harufu chungu, inayokaa kooni. Kwetu betri ilikaa pembeni mwa kabati la vyombo, juu ya ubao, imefunikwa gunia, na mtoto aliyeisogelea bila ruhusa alilala na makalio yanayouma. Mimi nilikuwa na ruhusa. Nilikuwa na umri wa miaka tisa hivi, na nilikuwa mtu pekee katika nyumba ile, ukimtoa Baba, aliyeruhusiwa kufungua vile vifuniko sita.

Tulikaa Buhare, pembeni mwa mji. Baba alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda kimoja pale Musoma. Umeme wa mji wakati huo ulitoka kwenye mashine za dizeli, na Baba alikuwa na rafiki aliyefanya kazi huko. Rafiki huyo ndiye aliyemnong'oneza kwamba mashine moja imeanza kuchunwa vipuri ili kuiokoa nyingine. Baba hakuhitaji kuambiwa zaidi. Aliporudi nyumbani jioni ile alimwambia Mama kwamba mashine ikianza kula mashine mwenzake, giza liko njiani, na likifika halitaondoka upesi, kwa sababu vipuri vinatoka nje na nje hakuna wa kutuuzia bila fedha za kigeni.

Akaanza kujiandaa. Baiskeli yake, ambayo aliipenda sana, aliibadilisha na betri ya lori lililokufa. Akatafuta nyaya, akatafuta taa ndogo ya indiketa ya lori hilo hilo, akaining'iniza juu ya meza. Mama akatengeneza vibatari vya makopo. Majirani walikuwa bado wana umeme wa kuja na kuondoka, wakamcheka, wakamwita Nuhu. Walikuwa wakipita wanauliza safina imefikia wapi, na kama kuku nao wataruhusiwa kupanda. Baba alicheka nao. Mwezi haukuisha, mji mzima ukazimika, ukabaki umezimika, na wale wale waliomwita Nuhu wakaanza kuja kuomba watoto wao wasomee barazani kwetu.

Hawakuruhusiwa. Kwa mambo mengine Baba alikuwa mkarimu, lakini mwanga ule ulikuwa wa mtu mmoja, dada yangu Nyangeta.

Nyangeta alikuwa darasa la saba. Mnakumbuka jinsi ilivyokuwa: shule nzima inafanya mtihani, wanaochaguliwa kwenda sekondari wanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na kidole cha msichana mara nyingi hakipo. Nyangeta alikuwa na akili. Alikuwa pia mrefu, mweusi wa kung'aa, na pale Butiama, kwenye asili yetu, kulikuwa na familia iliyokwisha kumwona. Ng'ombe walikuwa tayari. Asipochaguliwa angeolewa, na hilo lilikuwa limeshasemwa wazi mbele yake, sahani za ugali zikiwa katikati. Kwa hiyo kila siku baada ya chakula cha jioni Baba alifunga waya kwenye betri, taa ikawaka, Nyangeta akaketi na vitabu vyake kwa muda wa saa mbili. Redio ilipewa taarifa ya habari tu. Hata mpira Baba aliacha kusikiliza, na kwa Baba hiyo ilikuwa sadaka kubwa.

Aliyeleta habari za ng'ombe alikuwa Baba Mkubwa, kaka yake Baba, aliyebaki Butiama kwenye mji wa babu, lile boma la ukoo. Naye alikuwa na sababu zake. Kijana wake mkubwa alitaka kuoa, na kwetu ng'ombe wa dada ndio wanaomwolea kaka. Nilimwogopa. Alikuwa na sauti nzito, na akikutazama alikutazama kwa muda mrefu, utadhani anasoma kitu kilichoandikwa usoni mwako. Lakini huyo huyo ndiye aliyekuwa akituletea maji ya betri.

Nieleze haya maji. Betri zile zilikuwa zinakunywa maji, na si maji yoyote. Baba alisema maji ya kisima yana madini yatakayoiua, na bati letu lilikuwa na kutu, kwa hiyo hata mvua yetu haikufaa. Maji safi kuliko yote aliyoyajua yalikuwa ya mvua iliyoanguka kwenye bati jipya la kanisa pale kijijini Butiama. Baba Mkubwa aliyakinga, akayatia kwenye chupa ya kioo, akaja nayo kwenye basi ameipakata. Kazi yangu ilikuwa kuchungulia matundu sita ya betri kila Jumamosi. Nikiona vibati vya ndani vimeanza kutokeza juu ya maji, naongeza kidogo kidogo mpaka vizame. Baba alinifundisha mara mbili, kisha akaniambia, "Mama, hii kazi ni yako. Nyangeta asome, wewe umnyweshe betri." Kuitwa mama na baba yako, ukakabidhiwa kazi ambayo hata kaka zako hawakupewa, ni jambo kubwa. Nilitembea kwa majivuno wiki nzima.

Sasa hapa ndipo akili yangu ya kitoto ilipotengeneza barabara yake. Maji yanatoka kanisani. Yanafanya taa iwake. Mimi sikuona haja ya kumwuliza mtu yeyote chochote. Nilijua kabisa kwamba ile chupa ni maji ya baraka, na kwamba betri inawaka kwa baraka, na nilishangaa tu kwa nini watu wazima hawasemi waziwazi.

Baba alipoitwa kwenda Bunda kusaidia kufunga mtambo kwenye kiwanda cha kuchambulia pamba, alituacha kama siku kumi. Baba Mkubwa alikuwa amekuja siku moja kabla, na chupa yake mpya, na habari zile zile za ng'ombe. Akaamua kumsubiri mdogo wake arudi ili apate jibu. Alikaa kwetu siku zote zile, anashinda barazani akisuka kamba. Jioni moja, Nyangeta akiwa chini ya taa, Baba Mkubwa aliinyooshea taa kidole, akasema kwa utani, Mama akisikia na sisi sote tukisikia, "Haka ka-taa kakizimikaga, ndiyo mtaongea na mimi vizuri." Mama alicheka kwa adabu. Nyangeta hakuinua kichwa.

Mimi kwa upande wangu nilikuwa na parokia. Baada ya shule tulicheza misa nyuma ya nyumba, watoto wanne au watano, na padri nilikuwa mimi, maana mimi ndiye niliyekuwa na maji. Niliichukua chupa ya Baba Mkubwa nikawanyunyizia waumini wangu. Siku ya pili nikabariki kuku wa jirani. Siku ya tatu nikabariki mihogo. Kufikia Jumamosi chupa ilikuwa tupu, na nilipofunua betri niliona vibati vimetokeza kwenye matundu yote sita, vikavu juu. Jioni ile taa iliwaka njano. Nyangeta aliinamisha uso mpaka pua ikakaribia kugusa daftari. Mtihani ulikuwa umebakiza wiki chache.

Niliogopa, lakini sikuchanganyikiwa. Maji ya baraka yanavyotengenezwa nilikuwa nimeyaona kwa macho yangu: padri huchukua maji ya kawaida, hutia chumvi, huyaombea, basi. Na kama ningehitaji ushahidi mwingine, Mama mwenyewe, kabla betri haijaja, mawe ya redio yalipochoka, aliyachemsha kwenye maji ya chumvi kisha akayaanika juani, na redio ikasema tena siku mbili tatu. Chumvi inaleta nguvu, nani asiyejua? Kesho yake, Mama akiwa ameenda ziwani kununua samaki, nilichota maji ya kisima, nikatia chumvi konzi moja, nikakoroga, nikafanya ishara ya msalaba mara tatu ili niwe na uhakika. Nikanywesha matundu yote sita. Nikapiga magoti kidogo. Kisha nikafunika gunia, nikaenda kucheza.

Taa haikupata nguvu. Niliona ajabu, nikadhani nimekosea maneno ya sala.

Baba aliporudi aliona betri imechoka, akasema inahitaji kuchajiwa tu. Jumamosi akanichukua, tukaenda nayo Bunda. Kulikuwa na mzee mmoja mwenye mashine ya kusaga, na mashine hiyo ilikuwa na mkanda wa pili uliozungusha kifaa cha kuchajia. Akina mama wamepanga foleni ya mahindi upande huu, betri zimepangwa foleni yao upande ule, kila moja na alama ya mwenyewe. Yetu ilikuwa na msalaba wa rangi nyekundu. Nilikuwa nimeuchora mimi.

Haikupita saa moja harufu ikatoka. Haikuwa ile harufu chungu tuliyoizoea. Hii ilichoma pua na macho, sawa na ile dawa kali ya kusafishia vyoo vya hospitali, na akina mama walitoka nje wakikohoa, vitenge mdomoni. Mzee alikimbilia kuchomoa nyaya. Alifungua vifuniko akiwa amegeuza uso, akachungulia, akatikisa kichwa. Akamwambia Baba betri imelishwa chumvi, na kwamba ameona jambo hilo mara moja tu maishani, na haiponi.

Baba alinigeukia. Hakuwa na hasira, alikuwa anataka kujua tu. "Mama, ulitia maji gani?"

Nikamwambia, "Yale ya kwenye chupa. Ya Baba Mkubwa."

Nimeishi na sentensi hiyo maisha yangu yote. Niliisema haraka, bila kufikiri, kwa sababu ukweli ungenifikisha kwenye kuku wa jirani na parokia yangu. Baba hakuuliza tena. Kwenye basi alikaa na ile betri iliyokufa katikati ya miguu, na nilimwona anaunganisha mambo: chupa, ng'ombe, utani wa jioni ile ambao Mama alikwisha kumsimulia kama kichekesho. Tulipopita njia panda ya Butiama aligeuzia uso dirisha la upande wa pili.

Baba Mkubwa alikuwa barazani na kamba zake tulipofika Buhare. Baba hakukaa. Alimwamkia kaka yake kwa heshima kama siku zote, kisha akamwambia betri imetiwa chumvi, na maji yalikuwa ni yake. "Kaka, ungeniambia tu. Tungegombana kwa maneno."

Baba Mkubwa aliacha kusuka. Alimtazama Baba, halafu akanitazama mimi, kwa ule mtazamo wake mrefu, na mimi nikatazama miguu yangu. Nilimwona kama mtu aliyekamatwa. Nilidhani ananichukia kwa kuwa nimemtaja.

Akasema, "Kama umeona ni mimi, basi ni mimi."

Akakusanya kamba zake. Alilala kwetu usiku huo kwa sababu basi halikuwepo tena, na asubuhi akaondoka bila kunywa uji.

Baba alituita wote siku hiyo hiyo. Alisema habari ya ng'ombe isitajwe tena katika nyumba yake, na kwamba Nyangeta atasoma, hata kwa mwanga wa mafuta ya samaki. Tulidhani ni maneno ya hasira. Lakini mafuta ya taa yalikuwa hayapatikani, foleni ya duka unaweza kushinda siku nzima ukarudi na kopo tupu, na sangara walikuwa wengi ziwani, wanono hata unawakaanga kwa mafuta yao wenyewe. Mama akaanza kuyeyusha yale mafuta, akayatia kwenye kibatari na utambi wa pamba. Yaliwaka. Yalitoa moshi na mlio mdogo wa kuchachatika, na yalinuka. Nyangeta alinuka samaki kichwani, kwenye sare, kwenye kurasa za vitabu. Shuleni walimkimbia wakiziba pua. Aliporudi analia, Baba alimwambia sekondari kuna sabuni.

Alifanya mtihani. Alichaguliwa, msichana peke yake kwa shule yetu mwaka ule. Baba alimsindikiza na sanduku la bati hadi stendi, na siku ile ndiyo nilimwona akilia hadharani. Mimi nami nililia, na watu walidhani ni kwa kuachana na dada.

Msidhani kwamba nilijua nilichofanya. Akili ya mtoto ina milango mingi ya kutokea. Mimi nilikwisha kuamua kwamba chumvi yangu ilikuwa ya baraka, haikuwa na kosa, na kwamba Baba Mkubwa naye alitia ya kwake kwa siri, na hiyo ndiyo iliyoua. Si alikiri mwenyewe? Niliishi vizuri na uamuzi huo mpaka nilipofika kidato cha pili. Mwalimu wa fizikia akachora betri ubaoni, vibati, asidi, kila kitu, akatuambia kwa nini ni maji yasiyo na madini tu, na chumvi ikiingia inatokea gesi gani. Aliitaja na harufu yake. Niliomba ruhusa nikaenda nje, nikakaa nyuma ya bweni mpaka kipindi kikaisha.

Ungedhani siku ile ningeandika barua. Sikuandika. Mwanzoni niliogopa kipigo, baadaye nikaona aibu, na mwisho nikawa nimezoea. Nyangeta alikuwa muuguzi, ana mshahara wake, na alikuwa akisema mbele za watu kwamba kuna ndugu yake mmoja alitaka kumzimia taa. Baba na kaka yake walikutana misibani. Walisalimiana, walikaa mkeka mmoja, lakini katika miaka yote ile hakuna aliyekula nyumbani kwa mwenzake. Nilikuwa nikijiambia nitasema Krismasi. Krismasi zikapita nyingi.

Baba akafariki kabla sijasema. Naandika hivi kwa urahisi, lakini hakuna siku ninayokumbuka kwa uchungu kuliko ile. Nilimpa Baba vyote nilivyoweza, ila kaka yake sikumrudishia.

Tulimzika Butiama, kwenye mji wa babu. Katika ukoo wetu, marehemu akiwa na kaka aliye hai, kaka ndiye anayetupa udongo wa kwanza. Baba Mkubwa alikuja. Alikuwa amezeeka sana, na fimbo, na hakwenda kukaa mbele na ukoo. Alikaa nyuma kabisa, kati ya majirani. Katekista alipomaliza sala akasubiri udongo wa kwanza. Nikasikia Nyangeta anamwambia mjomba wetu mmoja kwa sauti ya chini kwamba udongo autupe yeye, basi tumalize.

Sijui miguu ilinipelekaje. Nilipita katikati ya watu mpaka nyuma, nikapiga magoti mbele ya yule mzee, na nikasema kwa sauti ili wote wasikie, kwa sababu nilijua nikinong'ona nitakuwa nimejiokoa peke yangu. "Baba Mkubwa, ile chumvi niliweka mimi."

Hakushtuka. Aliniwekea mkono kichwani, mkono mzito.

"Nilikuona," akasema. "Nilikuwaga pale dirishani. Nilidhani ndivyo baba yako amekufundisha."

Nilimuuliza kwa nini hakusema.

"Ningesema nini? Mdogo wangu alikuwa amekasirika, na wewe ulikuwa hivi." Akaonyesha kimo kwa fimbo. "Mkubwa jaa, mwanangu. Kila taka hutupwa kwake."

Nyangeta alikuwa amekuja nyuma yangu. Aliinama akamshika mzee mkono mmoja, mimi nikashika wa pili, na watu wakatupisha mpaka kaburini. Baba Mkubwa alimpa Nyangeta fimbo yake, akachota udongo, akakaa nao kiganjani.

"Mdogo wangu," akasema, "mtoto amesema mwenyewe."

Ndipo akautupa.